Uji wa Banda la Nne

Kila Jumapili saa kumi alasiri, Nesi alizungumza na mchumba wake kwa kupiga kelele. Si kwamba walikuwa wagomvi, la hasha. Yeye alisimama nyuma ya uzio wa ndani, mchumba nyuma ya uzio wa nje, na katikati palikuwa na mtaro wa maji ya dawa na uwanja wa changarawe usiokanyagwa na kiatu kilichotoka mjini. Hatua ishirini hivi. Sasa wewe jaribu kumwambia mtu kwamba umemkumbuka kwa umbali wa hatua ishirini, uone kama hutavuta pumzi kwanza.

Halafu palikuwa na mlinzi. Huyu wenzake walimpa jina la Redio, na hawakumwonea, maana lililosemwa getini Jumapili alasiri, Jumatatu asubuhi jikoni wanalo, tena limeongezwa chumvi.

"Nesi, hajakusikia! Rudia!" Redio alikuwa akidakia kutoka kwenye kiti chake. "Fundi, anasema amekukumbuka!"

"Nimesikia," fundi anajibu, mkono shavuni.

"Aa, haya. Nilidhani hujasikia."

Ndivyo walivyochumbiana wale wawili. Miezi miwili mizima, neno la siri hata moja hawajawahi kuambiana.

Nesi hakuwa nesi wa watu. Alikuwa mhudumu wa banda la nne katika shamba kubwa la nguruwe, na banda la nne ndilo la watoto walioachishwa kunyonya. Umri wake miaka arobaini na minne. Alikuwa kifungua mimba, na mama yao alipofariki alilea wadogo zake watano mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakaoa na kuolewa yeye hajaanza. Walipoisha wale wa nyumbani, akahamia kwa nguruwe. Alikuwa na mikono mikubwa na ulimi mkali, na mtu akimwambia "pole na kazi" alimjibu, "Pole ya nini, nimekulalamikia?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa nguruwe akitimiza wiki nne anaondolewa kwa mama yake, anatiwa ndani ya toroli na wenziwe, analetwa banda la nne. Asubuhi alikuwa ananyonya maziwa ya moto, jioni anakuta mbele yake hori la mabati lina chakula kikavu cha mahindi na soya. Hakijui. Ananusa, anapiga chafya, anakwenda kulala kwenye kona juu ya mgongo wa mwenzake. Asipokula siku mbili tatu, tumbo lake ndani linasinyaa. Akija kula kwa njaa, anakula kwa pupa, tumbo limeshashindwa kusaga, na hapo ndipo kuhara kunapoanza. Kinga aliyopewa na maziwa ya mama inakwisha, kinga yake mwenyewe haijakomaa. Wiki mbili hizo ndizo zinazoamua nani atakuwa nguruwe na nani atatolewa kwa sepetu.

Kwa sababu ya magonjwa, mhudumu wa banda hilo hakuruhusiwa kutoka nje wala kuchanganyika na watu. Aliingia kwa kuoga, akaacha nguo zake upande wa pili wa bafu, akavaa ovaroli ya bandani, na alipoingia ameingia, mpaka wiki sita zitimie. Alikuwa na chumba cha kitanda kimoja ubavuni mwa banda. Chakula chake kilipitishwa dirishani. Simu ilibaki ofisini. Kila baada ya kundi moja banda lilioshwa na kukaushwa siku nne, na siku hizo nne ndizo alizotembea duniani kama watu wengine.

Katika siku nne za namna hiyo ndipo alipompata fundi. Yeye alikuwa fundi makochi, mjane wa miaka mitatu, mpole, ana tabia ya kupapasa kila kiti kabla ya kukikalia. Aliitwa kushona upya viti vya ofisi ya meneja. Nesi alipita akakuta mtu amepiga magoti na misumari mdomoni, akamwambia, "Baba, ukipiga chafya tutakuzika." Fundi alicheka mpaka misumari ikamwagika. Siku ya pili akamletea mto mdogo alioushona kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki. Siku ya nne akauliza nyumbani kwao ni wapi. Wiki iliyofuata Nesi alikuwa ndani tena, na fundi alikuwa ameshakwenda kuzungumza na mdogo wa kiume wa Nesi, na wameelewana. Kilichobaki ni bibi harusi kutoka bandani.

Na kulikuwa na haraka. Kaka yake fundi alikuwa anafungua karakana mji mwingine, safari ya siku nzima, na alimtaka fundi akashike upande wa makochi. "Nitakusubiri umalize kundi hili," fundi alipiga kelele ng'ambo ya mtaro. "Tukaishi huko!"

"Anasema mkaishi huko!" alisema Redio.

"Mimi si kiziwi, we mzee!"

Kilichomzuia ni Daktari. Kijana wa watu, daktari wa mifugo aliyetoka kusoma, mwembamba, mwenye adabu zake. Kila asubuhi alisimama nje ya kioo cha dirisha, akasema, "Shikamoo, mama," na Nesi akaitikia marahaba, kisha yule mtoto akaanza kumpa maagizo. Daktari alikuwa na jambo linalomnyima usingizi. Siku zote pale shambani watoto waliotoka kunyonya walitiliwa dawa za kuua vijidudu ndani ya chakula, wazima kwa wagonjwa, na yeye aliona dawa zile zinaanza kushindwa. Alitaka kuziacha. Badala yake alikuwa na mchanganyiko wake: tindikali kidogo ya kusaidia tumbo lisage, bakteria wazuri wa kupigana na wabaya, na mafuta ya majani yenye harufu kali. Akagawa banda vyumba vinane, kila chumba watoto kumi. Vyumba vinne vitakula magunia ya kamba ya buluu, vinne magunia ya kamba nyekundu. Gunia lipi lina mchanganyiko, hakusema.

"Sitakwambia, mama, ili usipendelee. Wote watendee sawa."

Nesi alilijua siku ya kwanza, alipofungua gunia. La buluu lilinukia kama duka la viungo. Lakini alinyamaza.

"Nipatie jibu moja lililonyooka," Daktari alimwambia. "Buluu wakue kuliko nyekundu, au wasikue, basi. Nikilipata nitakuachia uende kwa mumeo, na barua nzuri nitakuandikia mwenyewe. Ila usiniache katikati. Mkono ukibadilika, jaribio limekufa."

Nesi akatoa neno lake. Na yeye alikuwa mtu wa neno lake, hilo ndilo lililomponza.

Kila Ijumaa alipima. Mtoto mmoja mmoja ndani ya gunia lenye matundu, gunia kwenye ndoano ya mizani, kelele za kupasua masikio, namba inasomwa, Daktari anaandika nje ya kioo. Wiki ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Mpaka ya sita buluu na nyekundu walikuwa wamekwenda bega kwa bega, wote wanang'aa, wote wanene, aliyekufa ni mmoja tu, naye alilaliwa na wenzake.

Nesi alifurahi. Alidhani hilo ndilo jibu lililonyooka. Daktari alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

"Haiwezekani," alisema. "Nyekundu hawana dawa, hawana mchanganyiko, hawana chochote. Walitakiwa wahare. Kwa nini hawakuhara?"

Nesi akageuza uso.

Maana palepale, mkono kwenye ndoano ya mizani, alikuwa amejua kwa nini. Uji! Miaka yote sita bandani alikuwa na desturi yake ambayo hakuna aliyemfundisha. Watoto wakifika, wiki ile ya kwanza, alichota chakula chao kilekile, akakikoroga na maji ya uvuguvugu mpaka kikawa uji mwepesi, akawapelekea kwenye sinia pana asubuhi, adhuhuri na jioni. Aliyegoma alimpakata, akamtia kidole chenye uji mdomoni mpaka akaanza kumumunya. Hakuna aliyekaa na njaa siku mbili kwenye banda lake. Haikuandikwa kwenye karatasi ya Daktari kwa sababu Nesi hakuihesabu kuwa ni kazi. Na alipoambiwa awatendee wote sawa, aliwatendea wote sawa: buluu uji wao, nyekundu uji wao.

Jamani, huyu mwanamke alikuwa ameliua jaribio kwa kutopendelea.

Hakusema. Aliona haya, aliogopa kufokewa na mtoto anayemwamkia shikamoo. Daktari akaamua kurudia upya, kundi jingine, wiki nyingine sita, na zile siku nne za kuosha banda Nesi abaki humohumo ndani. Jumapili Nesi alimpigia fundi kelele ya habari hiyo, na fundi akaupapasa uzio kutoka nguzo hadi nguzo.

"Hizi za mwisho," alijibu hatimaye. "Kaka yangu amenuna. Nikisogeza tena atampa mtu mwingine."

"Za mwisho, fundi. Wallahi."

Na Nesi alikuwa na uhakika, kwa sababu safari hii alijua cha kufanya. Asikoroge uji, basi. Awape chakula kikavu horini kama karatasi inavyosema. Nyekundu watahara, buluu watapona, jibu litanyooka, yeye huyo kwa mumewe. Jambo dogo tu, kutofanya kitu.

Kundi jipya likaletwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi alimimina chakula kikavu, akaenda chumbani kwake, akakaa juu ya kitanda. Akakunja nguo zilizokunjwa. Adhuhuri akatoka, akakuta mahori yamejaa vilevile na watoto wamepandana kwenye kona. Wakamtazama. Akawaambia, "Msinitazame mimi, chakula hicho hapo." Akarudi ndani. Chumba kile kilikuwa na hatua tano kutoka mlangoni hadi ukutani, na siku hiyo alizipiga mpaka nyayo zikauma.

Jumatatu vyumba vya buluu vilianza kutafuna. Walikuwa wamepungua mwili, lakini walikuwa wanakula. Mchanganyiko wa Daktari ulikuwa kweli unafanya kazi, na Nesi akaona kwa macho yake kwamba yule kijana hakuwa mjinga. Jumanne nyekundu wakaanza kuhara. Jumatano manyoya yao yalikuwa yamesimama, macho yameingia ndani, mikia imelowa. Chumba cha sita kulikuwa na mmoja mdogo, mwenye doa jeusi sikioni, aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya hori, pua imegusa chakula lakini hakili. Amesimama tu.

Hili ndilo lilikuwa jibu lililonyooka. Lingemtosha Daktari, lingemtosha fundi. Nesi alitakiwa tu kukaa ndani ya kile chumba chake siku chache zaidi, aache mambo yaende. Aliichukia nafsi yake kwa kutaka, na aliichukia kwa kushindwa.

Kabla ya saa sita ndoo ya maji ilikuwa motoni, kwenye jiko la bandani. Akakoroga huku analia na kuwatukana. "Njooni, viumbe wasio na shukrani! Mmeniharibia ndoa, njooni mle!" Akampakata wa doa jeusi, akamtia kidole mdomoni. Ilichukua muda. Kisha ule ulimi mdogo ukaanza kumumunya.

Alhamisi asubuhi, shikamoo na marahaba zilipokwisha, akamweleza Daktari yote kupitia kioo. Kundi la kwanza, kundi hili, uji, kidole, kila kitu. Alisema haraka huku anaangalia sakafu, akingojea kufokewa.

Daktari hakufoka. Aliweka kiganja juu ya kioo.

"Mama, unataka kuniambia wale nyekundu wa mara ya kwanza walikuwa sawa na buluu kwa uji tu?"

"Kwa uji tu."

"Maji ya moto kiasi gani? Mara ngapi kwa siku? Siku ngapi? Ngoja. Ngoja nichukue kalamu."

Akaandika. Aliuliza, akaandika, akauliza tena. Kidole kipi? Mwepesi kama nini? Unajuaje kwamba huyu anataka na yule bado? Na Nesi akajibu, mwanzo kwa aibu, kisha sauti ikampanda, kisha akawa anaeleza kwa mikono yote miwili. Unamjua kwa masikio. Anayeomba anayasimamisha, aliyekata tamaa anayalaza. Maji yakiwa moto mno wanaogopa siku nzima, yakipoa wanadharau. Miaka sita alikuwa anafanya mambo haya, na mtu hata mmoja hajawahi kumwuliza. Wadogo zake aliowalea hawakumwuliza pia. Alihisi kifua chake kimejaa furaha ambayo hakuwa ameizoea.

"Tunaanza upya," Daktari alisema, macho yanamwaka. "Hawa nitawahamishia banda la tano leo, hapa paoshwe haraka. Jumamosi naleta wapya. Safari hii makundi manne. Kavu bila mchanganyiko, kavu na mchanganyiko, uji bila mchanganyiko, uji na mchanganyiko. Tena mara mbili, ili pasiwe na wa kubisha. Na watakaodhoofika kabisa tutawatibu, sitaki wafe. Wiki kumi na mbili. Utaniwezea, mama?"

"Nitakuwezea," alisema Nesi. Palepale, hakuvuta hata pumzi.

Alikumbuka fundi adhuhuri, wakati anaosha masinia. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akajiambia alishikwa ghafla. Akajiambia Daktari ndiye aliyemlazimisha, na yeye alikuwa ametoa neno, na mkono ukibadilika jaribio linakufa, atafanyaje? Amefungwa. Yeye ni mfungwa tu, kosa si lake. Alijiambia hivyo siku tatu mfululizo, na alikaribia kuamini.

Jumapili saa kumi fundi alikuja amevaa shati la kutokea. Nesi alikuwa amejiandaa kumwambia kwa huzuni, na sauti aliifanyia mazoezi.

"Fundi, wameanza upya! Wiki kumi na mbili! Nimekwama, nifanyeje!"

Halafu, kabla fundi hajajibu, mdomo wake ukaendelea wenyewe. Akamwambia habari ya uji, makundi manne, Daktari alivyoandika ukurasa baada ya ukurasa, eti jina lake litawekwa kwenye karatasi, eti kumbe hata masikio yana elimu. Alipiga kelele zile huku anacheka. Alipojisikia, akanyamaza.

Fundi alikuwa amemsikiliza kwa makini. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Ijumaa nilikwenda kwa meneja!" alisema, mikono mdomoni. "Nilimpelekea kiti chake! Nikamwuliza kuhusu wewe!"

"Ukamwuliza nini?"

"Kama unaruhusiwa kuacha! Akasema siku yoyote! Yule dada wa banda la pili atashika nafasi, na barua utapata vilevile! Akashangaa! Akasema hujawahi kuomba!"

Redio alikuwa ameinua kichwa. Nesi alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Kweli, hakuwahi kuomba. Alimlaumu Daktari, alimlilia Mungu, aliwatukana hata nguruwe, meneja hakumwuliza, na sasa alijua fika kwamba alimkwepa kwa sababu meneja angesema ndiyo.

"Gari la kaka linaondoka kesho alfajiri!" fundi alisema. "Kuna nafasi yako mbele! Nenda kaoge, uvae nguo zako, utoke! Nakusubiri hapahapa! Leo!"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Alimpenda yule mtu, hilo halikuwa na shaka. Akayaona makochi, akauona mji asioujua, akajiona ameketi mezani na mtu anayemnong'oneza. Alitamani kusema naja. Alifungua mdomo kusema naja.

"Leo?" alisema, na hakupiga kelele, ila fundi alisikia. "Leo siwezi, fundi. Wametolewa kwa mama zao jana tu."

Fundi alimtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili, akafunga kifungo cha juu cha shati lake kilichokuwa kimefunguka. Redio alikuwa amesikia kila neno, na safari hii hakurudia kitu. Fundi hakuondoka. Alibaki amesimama ng'ambo ya mtaro, akimpa nafasi ya kubadili kauli, na aliyeanza kugeuza mgongo alikuwa Nesi, kwa sababu maji ya uji yalikuwa yanapoa.